Mkwe Hakukohoa

Kikuku namba 417 kililetwa karakana asubuhi ya Jumatatu ndani ya mfuko wenye lakiri ya mahakama. Aliyekipokea ni Atuganile, fundi wa vipimo, mwanamke ambaye ukimtilia chai kijiko kimoja na nusu cha sukari atakuambia hiki ni kimoja na robo, na usibishane naye, maana yuko sahihi. Ndivyo alivyo. Mumewe alishazoea, na jirani zake wameacha kumkaribisha chai.

Alikata lakiri, akakilaza kikuku juu ya meza. Ukikiona barabarani hukidhanii kitu: pete pana ya kijivu kwenye kifundo cha mkono, na kutoka hapo nyuzi nyembamba zinazopanda chini ya sare hadi begani. Nyuzi hizo husikia msuli unapokaza. Askari akishika, akivuta, akisukuma au akipiga, nguvu yake hugeuzwa kuwa kilo na kuandikwa humo humo, na hakuna mkubwa wa kuifuta. Kwa kuvuta mkono wa mtu anayekamatwa, kikomo ni kilo sitini. Ukifika sitini, kikuku kinatetemeka mara tatu. Ukiendelea kuvuta, jina lako linafika mahakamani kabla wewe hujafika kituoni, na unashtakiwa wewe kama wewe, si jeshi wala serikali. Kisipotetemeka, hakuna kesi. Polisi wa Lukanzi wenyewe walikiita mkwe, kwa sababu mbele ya mkwe mtu mzima hujiheshimu, na kule kutetemeka wakakuita kukohoa.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Kabla ya vikuku, kesi ya polisi katika mji ule wa nyanda za juu ilikuwa na mwisho mmoja tu: jalada linatafutwa. Watu walizeeka wakilisubiri jalada. Vikuku vilipokuja, askari sita walifungwa mwaka wa kwanza, na mji mzima ukashusha pumzi.

Sasa hiki cha 417 kilikuwa cha Koplo Mbwilo. Miezi mitatu nyuma, kwenye foleni ya maji, palitokea ubishi wa nani alitangulia, na koplo akaenda kumtoa mtu mmoja aitwaye Gwamaka, fundi cherehani. Gwamaka aling'ang'ania chuma cha uzio. Koplo akamvuta. Tangu siku hiyo mkono wa kulia wa Gwamaka unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa, na cherehani yake imefunikwa shuka. Daktari aliandika kwamba neva za begani zimechanika, na kwamba kwa mtu mwenye afya kama yule, mvuto wa kuzichana hauwezi kuwa chini ya kilo sabini.

Kikuku kilisema hamsini na nane. Mkwe hakukohoa.

Kisheria mambo yalikuwa yamekwisha, ila Hakimu Ndimbo hakupenda namba mbili zinazogombana mezani kwake, akaagiza kikuku kikapimwe upya kabla hajalitupa shauri. Atuganile naye hakuzipenda. Mtu mwingine angeona hapo kuna daktari mwongo au koplo mwenye bahati. Yeye aliwashwa na jambo moja tu, kama mtu mwenye punje ya mchanga ndani ya kiatu: kilo kumi na mbili zimekwenda wapi?

Alianza na njia ya kila siku. Katika karakana ile kipo kikuku mama, cha kwanza kabisa kuwekewa vipimo miaka saba iliyopita, na vingine vyote mia tisa vilipimwa kwa kulinganishwa nacho. Akakifunga 417 kwenye mkono wa mashine, kando yake akafunga mama, akavuta. Mama akasema hamsini na nane, mtoto akasema hamsini na nane. Akarudia mara kumi. Walikubaliana kama wanakwaya.

"Daktari kakosea," alisema Bwana Mwasenga, mkuu wa karakana, akipita na kikombe chake. "Andika, tukale."

"Shikamoo, Bwana Mwasenga."

"Marahaba, binti. Andika, tukale."

Hakuandika. Aliingia stoo, akavuta sanduku la mawe ya chuma ya kupimia, yale ya serikali, yaliyofika mwaka mmoja baada ya kazi kuanza na hayajawahi kuguswa, maana kila kikuku kilikuwa tayari kina mama yake. Akafuta vumbi, akayatundika moja moja kwenye mkono wa mashine mpaka yakatimia kilo mia.

Kikuku 417 kikasema sabini na nane.

Akatundika upya, safari hii akishika pumzi. Sabini na nane. Akamfunga mama mwenyewe. Sabini na nane. Atuganile akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaanza kuogopa.

*

Mawe hayo ya serikali yalichelewa bandarini, na mkubwa mmoja alikuwa ameshatangaza siku ya uzinduzi. Kwa hiyo kikuku mama kiliwekewa vipimo kwa gunia la viazi. Ndiyo, viazi. Gunia lilikuwa na muhuri mwekundu wa kilo mia, na aliyekwenda kulichagua sokoni, akalikagua kwa macho yake mawili kuhakikisha halina kilemba, ni Atuganile mwenyewe. Kilemba ni ile nundu ya viazi inayofungwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia, hila ya zamani ya wanunuzi ya kumpunja mkulima. Ilikuwa imepigwa marufuku. Alichagua gunia bapa, safi, halali kabisa, akatembea nalo kwenye mkokoteni kwa fahari ya msichana aliyeajiriwa juzi.

Jumanne saa nne asubuhi alikuwa sokoni na mzani wa kuning'iniza alioazima ghala la pareto. Alimkuta Mama Syombe, muuza viazi wa siku nyingi, akamwomba gunia moja la mia, bapa, lisilo na kilemba. Wakasaidiana na wachukuzi wawili kulitundika.

Mshale ukasimama kwenye mia na ishirini na nane.

"Mama, hili si la mia," alisema Atuganile.

Mama Syombe alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hiyo ndiyo mia ya Lukanzi. We umezaliwa wapi?"

"Lakini halina kilemba."

"Kilemba si walikikataza? Basi wafumaji wakaongeza gunia shibiri moja kwenda chini. Kilemba kimeingia tumboni." Akalipapasa gunia kama anayepapasa ng'ombe. "Muhuri ni ule ule. Wakulima tunajua, wanunuzi wanajua. Nani mwingine anataka kujua?"

Hakuna mwingine aliyetaka kujua. Hapo ndipo palipokuwa na balaa lote. Mji mzima ulijua kwamba gunia la mia si la mia, mpaka watoto wa shule ya msingi walijua, na hata Atuganile angeulizwa jikoni kwake angejibu bila kufikiri. Ila ofisini, mbele ya muhuri mwekundu, alisahau anachokijua. Ujanja wa kumpunja mkulima viazi ukapanda mkokoteni, ukaingia karakana ya serikali, ukazaa watoto mia tisa, na kila mtoto akamwambia askari wake: vuta kidogo tena, bado.

Alipiga hesabu akiwa amesimama pale pale kwenye maganda. Hamsini na nane ya kikuku ni sabini na nne ya kweli. Daktari hakukosea hata chembe.

*

Bwana Mwasenga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Syombe anajua gunia. Hajui kikuku."

"Basi keti." Hakuwa mtu mbaya, Bwana Mwasenga. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hilo humfanya mtu yeyote afikiri haraka. "Tufikiri kama watu wazima. Ukinyamaza, koplo anaondoka, maana mkwe hakukohoa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ukisema, wakili wake atasimama na kusema, mteja wangu alidanganywa na chombo, hana hatia, mshikeni aliyekitengeneza. Koplo anaondoka vile vile, na wewe unaingia. Kote kote fundi cherehani harudishiwi mkono. Sasa binti, unasema ili iweje?"

Atuganile alifikiria watoto wake wawili, akafikiria jela ya wanawake kule bondeni aliyowahi kuiona kwa nje tu. Alitamani sana kunyamaza. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia habari hii siku hizi humfanya shujaa tangu dakika ya kwanza, na si kweli. Kilichomzuia ni udadisi, basi. Kulikuwa na kitu kingine hakijakaa sawa. Ikiwa vikuku vyote vimekuwa vikiwapa askari nafasi ya ziada tangu mwanzo, mbona watu hawakuvunjika mikono tangu mwanzo?

Jumatano nzima alifungua kumbukumbu. Ukamataji wa miaka saba, kila mvuto ni mstari mmoja unaopanda na kushuka. Akaipanga mistari mwaka kwa mwaka, kwa vipimo vya kweli.

Mwaka wa kwanza ilikuwa vurugu tupu: huyu kaachia kwenye ishirini na saba, yule thelathini na tano, mwingine arobaini, kila mmoja kwa namna yake. Walikuwa wanaachia mapema, mbali kabisa na kikohozi, kwa sababu zao wenyewe, pengine mtu kapiga kelele, pengine kalegea. Mwaka wa tatu mistari ilianza kusogea juu. Mwaka wa tano ikawa inafanana. Na mwaka huu wa saba, karibu yote ilipanda moja kwa moja mpaka pumzi moja chini ya kikohozi, ikasimama hapo imejipanga kama askari gwarideni.

Aliitazama kwa muda mrefu. Gunia lilikuwa limehamisha ukuta, sawa, na hilo ni kosa lake. Lakini nani aliwafundisha watu mia tisa kutembea mpaka ukutani?

*

Sheria ilitaka mvaaji awepo kikuku kinapofungwa lakiri upya, kwa hiyo Alhamisi Koplo Mbwilo alikuja karakana. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, kofia mkononi. Atuganile alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa.

"Dada fundi, hujambo. Pole na kazi."

"Nimeshapoa, afande. Naomba unisaidie kusogeza sanduku hili kwanza, limenizibia meza."

Koplo akaweka kofia, akainama, akashika sanduku la mawe ya chuma. Na hapo Atuganile akaona. Alipokaza mkono kuvuta, koplo alitupa jicho kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Kikuku hakikuwepo, kilikuwa mezani. Akavuta, akatazama tena. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anatazama.

"Siku ile kwenye foleni," Atuganile aliuliza taratibu, "Gwamaka alisema chochote?"

"Kelele zilikuwa nyingi pale. Sikumsikia." Alitia saini yake kwa uangalifu. "Ila mkwe ningemsikia, dada fundi, na hakukohoa. Mimi nimefuata sheria miaka yote. Sijawahi kukoholewa hata mara moja."

Alisema hivyo kwa haya kidogo, kama mtu anayetaja sifa yake ya pekee. Atuganile alimwamini kabisa, na ndipo alipopata jibu la mistari yake. Aliporudi kwa Bwana Mwasenga alimwambia kwamba kesho atasema yote, gunia na mengine. Bwana Mwasenga akasema kwamba saini kwenye hati ya kikuku mama ilikuwa yake pia, na kwamba atakuja kukaa nyuma ya ukumbi.

*

Ijumaa mahakama ilijaa. Atuganile alisimama kizimbani pa mashahidi, akaeleza gunia. Watu walianza kucheka aliposema viazi, kisha mmoja mmoja wakaacha, kwa sababu kila mmoja alikuwa anapiga hesabu yake. Gwamaka alikuwa benchi la mbele, mkono umefungwa kwa kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe zamani.

Wakili wa koplo aliruka juu, uso unang'aa. "Mheshimiwa, tumesikia. Mteja wangu alidanganywa na chombo cha serikali. Yeye alitii."

"Nami nimesikia," alisema Hakimu Ndimbo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. "Shahidi, unajua ulichojifanyia?"

"Najua, mheshimiwa. Naomba jambo moja kabla hujaandika. Nimepima chombo. Sijapima mkono wa koplo."

Akaeleza anachotaka. Atajifunga mkanda wa ngozi kifundoni, mkanda uunganishwe na mzani wa ghala la pareto, na koplo ashike ndoano ya upande wa pili. Yeye atashika ukingo wa kizimba kwa mkono wa pili, kama Gwamaka alivyoshika uzio. Koplo avute kama anavyokamata. Kwanza bila kikuku, halafu na kikuku 417 jinsi kilivyokuwa siku ile. Uso wa mzani uelekezwe kwa mahakama.

"Unaweza kuumia," alisema hakimu.

"Naweza, mheshimiwa."

Hakimu alimgeukia wakili, wakili akakubali upesi. Aliona hapo ushahidi wa kumwokoa mteja wake: kila mtu atashuhudia kikuku kikidanganya.

Mara ya kwanza koplo alivuta huku ameona aibu. Mshale ukapanda, thelathini, thelathini na tatu. Bega la Atuganile likaanza kulalamika. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Afande, mkono." Koplo akaachia pale pale. Thelathini na nne. Wakarudia. Alipoita, koplo akaachia tena, na akasema, "Samahani, dada fundi."

Wakamvisha kikuku.

Mshale ukapanda. Thelathini na nne, Atuganile akasema, "Afande, mkono." Mshale ukaenda arobaini. "Afande, mkono." Arobaini na saba. Koplo hakuwa na hasira, hakuwa na haraka, uso wake ulikuwa mtulivu wa mtu anayefanya kazi vizuri, na macho yake yalikuwa kwenye kifundo chake mwenyewe. Hamsini na mbili. Maumivu yalimwingia Atuganile mpaka kwenye meno, akasema mara ya tatu, na safari hii sauti haikuwa ya majaribio. Hamsini na sita. Karani alisimama. Hakimu akagonga meza kwa kiganja.

"Koplo."

Aliachia. Atuganile akayumba, akashikilia kizimba. Koplo Mbwilo alibaki na ndoano mkononi, akamtazama yeye, akatazama mshale, kisha akakitazama kikuku muda mrefu.

"Nilikuwa namsubiri akohoe," alisema.

Wakili alimshika mkono wa shati. Koplo akautoa polepole, akageuka kumwelekea hakimu.

"Mheshimiwa, nilisema sikumsikia. Si kweli. Nilimsikia. Kelele zilikuwepo, ila nilimsikia vizuri. Mkwe hakukohoa, nikaona bado ipo nafasi."

Hakimu Ndimbo alishika kalamu. Aliandika kwamba shauri halitupwi, kwamba mkono wa koplo ulionekana kujua mahali pa kuachia pale ulipoachwa peke yake, na kwa hiyo atajibu kwa mkono wake. Kisha, bila kubadili sauti, akamwita Atuganile kwa majina yake matatu na kumwambia atajibu pamoja naye kwa lile gunia na kwa miaka sita ya sanduku lisilofunguliwa. Atuganile alisema ndiyo, mheshimiwa. Alikuwa ameogopa sana wiki nzima, na sasa akatoka upande wa mashahidi, akaenda kukaa benchi la washtakiwa. Koplo akasogea kumpisha.

"Tuiweke sawa kumbukumbu," alisema hakimu. "Koplo, Gwamaka alisema nini siku ile?"

"Alisema, afande, mkono."

"Mara ngapi?"

Koplo Mbwilo alifikiri. "Mara tatu, mheshimiwa."

Gwamaka alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa bado hajazoea kujiinua kwa mkono wa kushoto.

"Nne," alisema.

Hakimu akamtazama koplo. Koplo akainamisha kichwa, akakubali. Hakimu akakata tatu, akaandika nne.